Fundi Aliyeogopa Mteremko

Fundi alikuwa mwoga, na hakuona haya kulisema. Wanaume wengi niliowajua Johannesburg waliificha hofu yao kwa makelele, au kwa pombe, au kwa sala. Yeye aliitaja kama mtu anavyotaja kwamba goti linamuuma. "Mama Rehema," angeniambia asubuhi akifungua kufuli la geti, "leo niko na woga." Basi. Kisha angevaa ovaroli lake na kuanza kazi.

Tulikuwa tumekodi yadi moja Troyeville, kuanzia mwaka 2015 hadi 2019. Yeye alitengeneza magari nyuma, chini ya bati. Mimi nilishona viti vya magari na maturubai kwenye chumba cha mbele ambacho zamani kilikuwa bucha. Kulabu za nyama zilikuwa bado zinaning'inia darini. Mimi ni mtu wa Tanga, na Rehema wangu alikuwa huko kwa bibi yake. Fundi alitoka Lubumbashi, na Kiswahili chake mwanzoni kilinichekesha, baadaye nikajikuta nakisema. Jina lake nililijua, lakini sikuwahi kulitumia. Alikuwa Fundi kwangu, kwa wateja, kwa waokota vyuma waliopita na mikokoteni yao, hata kwa wanakwaya wenzake wa kanisa la Yeoville alikokuwa akiimba besi.

Aliogopa mbwa. Aliogopa lifti, helikopta, na simu kutoka namba asiyoijua. Lakini kuliko vyote aliogopa mteremko. Barabara yetu iliteremka kuelekea Bertrams, na kila gari lililoegeshwa mbele ya yadi aliliwekea matofali kwenye matairi, hata la mteja aliyeingia kuuliza tu. Mteja mmoja aliondoka bila kuyaona, akarudi bampa limepasuka na matusi mdomoni. Fundi alimsikiliza mpaka mwisho, akamwomba radhi, akamtengenezea bampa lake. Wakati anafanya hivyo, matofali yalikuwa tayari yamerudi chini ya matairi.

Kwa nini mteremko? Kila aliyeuliza alipewa jibu lake. Mimi aliniambia kwamba utotoni aliliona lori likirudi nyuma mgodini, dereva hayumo. Mchungaji wake aliambiwa habari ya ndoto. Jirani yetu mmoja alisikia habari ya kaka aliyekufa. Siku moja nilimwambia majibu yake hayalingani, naye akanitazama kwa mshangao wa kweli. "Lakini yote iko kweli, Mama Rehema."

Watu walimsifu kwamba husikiliza gari. Akimaliza kazi hakuendesha mwenyewe; alimweka mteja kwenye usukani, akakaa pembeni, akafumba macho mpaka wazunguke mtaa na kurudi. Wateja walisema, tazama fundi huyo, anasikia beringi mbovu kwa masikio tu. Nilipomuuliza mimi alisema, "Miye nafumba macho, juu nikifungua nitaruka inje." Lakini beringi mbovu alizisikia pia. Sijui kama angezisikia angekuwa hana hofu.

Hofu ndiyo iliyokuwa kipimo chake cha kazi. Mteja angekuja kuchukua gari lake, injini inanguruma vizuri, kila kitu kimefungwa, na Fundi angelizunguka akifuta mikono kwa tambara. "Niko na woga bado," angesema, na mteja angeondoka kwa miguu akilaani. Kesho yake angekuta bolti nne zimebadilishwa ambazo mtu mwingine yeyote angeziacha.

Usidhani alikuwa mpole. Alikuwa na kisirani. Alikataa chakula changu kila siku, kisha akala nusu yake nikiwa nimegeuka. Alipenda ngumi kupita kiasi: siku za mapambano alikwenda kwenye mgahawa wa Wakongo kule Yeoville, akasimama karibu kabisa na televisheni, akawapigia kelele wanaume wenye vifua kama makabati kwamba ni waoga, waoga watupu, wapige!

Na kuna jambo ambalo kwa muda mrefu nilishindwa kulimeza. Mchana mmoja majambazi waliingia yadini na bastola. Fundi ndiye aliyewaona kwanza. Hakupiga kelele, hakuniambia kimbia. Alijifungia chooni, akaniacha mimi peke yangu mbele ya wale watu, nimeshika mkasi wa kukatia ngozi ambao sikuthubutu hata kuuweka chini. Waliondoka na cherehani yangu na simu zetu zote. Alipotoka chooni nilimpa mgongo. Jioni alikuja kusimama mlangoni kwangu.

"Miguu njo ilienda, Mama Rehema. Miye nilibaki na weye."

Nikamwambia kwamba mtu aliyebaki na mimi sikumwona. Aliinamisha kichwa, akaenda zake. Cherehani nyingine aliitafuta yeye, akaibeba begani kutoka Berea, kwa kuwa aliogopa kuipandisha kwenye teksi isije ikaanguka. Niliipokea. Lakini tangu siku ile nilijua kwamba likitokea jambo, niko peke yangu, na nilipanga maisha yangu hivyo.

Mwaka 2019 alikuja Sista. Alikuwa muuguzi mstaafu wa Soweto, mwanamke mnene mwenye sauti ya wodini, na watu wote walimwita hivyo hivyo, Sista. Mumewe alikuwa amepata kiharusi. Mkono na mguu wa kulia havikumtii, maneno yalimtoka moja moja. Walikuwa wamenunua gari-nyumba kuukuu, kubwa kama basi dogo, ndani lina vitanda, jiko na choo. Sista, aliyekuwa ameendesha basi la kanisa miaka mingi, alitaka kumzungusha mumewe nchi nzima kabla kiharusi cha pili hakijaja. Shida ilikuwa kwamba gari la namna hiyo ukishaliegesha huwezi kuingia nalo kwenye vichochoro vya ndugu, wala kumkimbiza mgonjwa hospitali. Kwa hiyo alitaka kigari chake cheupe kivutwe nyuma ya gari-nyumba, kwa magurudumu yake chenyewe, popote waendako.

Fundi alisikiliza maelezo hayo, mimi nikimtafsiria Kiingereza cha Sista, nikamwona anabadilika rangi.

"Mbele kuna mtu anaendesha," alisema. "Nyuma hakuna mtu?"

"Hakuna mtu," alijibu Sista. "Ndiyo maana ya kuvuta, baba."

"Na ku mteremko?"

"Ndiyo maana nimekuja kwako. Nimeambiwa wewe ndiye fundi unayeogopa."

Nilidhani atakataa. Akakubali, na nadhani alikubali kwa sababu hakuweza kuvumilia wazo la kwamba mtu mwingine, asiyeogopa, angeifanya kazi ile.

Kigari kilikuwa kimechoka. Alikifumua. Alibadilisha beringi za magurudumu yote, pedi za breki, mipira iliyokauka, matairi. Aliondoa bampa la mbele akachomelea chuma kizito kwenye chesisi, na kutoka hapo ikatoka mikono miwili inayokutana mbele kama miguu ya ngazi, kwenye ndoano ya gari-nyumba. Kila mkono ulifungwa kwenye chesisi kwa pini nene kama kidole gumba. Alipitisha waya mpaka kwenye pedali ya breki: gari kubwa likipunguza mwendo, kigari kitalisukuma kwa nyuma, na msukumo huo utauvuta waya, kigari kijifunge breki chenyewe. Akaongeza minyororo, waya mwingine wa kuvuta breki ya mkono kama kikichomoka, na taa zilizowaka pamoja na za mbele. Mimi nilishona viti vipya, turubai la kukinga kioo dhidi ya mawe, na mapazia ya gari-nyumba.

Kila Sista alipokuja, Fundi alikuwa na woga bado. Siku ya majaribio tulipanda wote. Sista aliendesha, mumewe pembeni yake, na Fundi akaenda kupiga magoti kwenye kitanda cha nyuma, pua yake kwenye kioo, akikitazama kile kigari kinavyotufuata. Safari hii macho hakuyafumba. Tuliteremka kuelekea Bezuidenhout Valley.

"Piga breki, Sista! Piga sana!"

Sahani zilianguka kabatini. Kigari kiliinama, kikashika, kikatulia kama ng'ombe aliyefungwa. Alimfanya Sista arudie mpaka mumewe akaanza kucheka kwa ule upande wa mdomo uliokuwa mzima. Tuliporudi yadini Fundi alikizunguka kigari kwa muda mrefu, akarusha tambara kwenye pipa.

"Sasa inaweza kuenda," alisema.

Siku ambayo Sista alikuja kuchukua magari yake, mji ulikuwa umeshaanza kuchafuka, wageni kama sisi wanasakwa tena. Tulikuwa tunazifahamu dalili: ujumbe unaopita kwenye simu, maduka ya Wasomali yanayofunga asubuhi, majirani wanaokusalimia bila kukutazama. Upande wa barabara ya Jules moshi ulikuwa unapanda tangu mapema. Nilitaka kufunga chumba changu niondoke, lakini kwenda wapi? Yeoville ilikuwa upande wa pili wa watu wale wale.

Sista alifika na mumewe kwa teksi ya kukodi. "Haraka," alisema. "Wako barabara ya pili." Fundi alikuwa amelala chini kati ya magari mawili, anaunganisha mikono ya kigari. Ndipo tukasikia kelele. Haikuwa mbali tena. Ilikuwa ile sauti ya watu wengi wanaoimba na vyuma vinavyogongwa kwenye mageti, na kati yake kioo kinachovunjika.

"Ingieni wote!" Sista alipiga kelele. "Wote ndani!"

Fundi aliruka akaingia, mimi nikaingia, mlango ukafungwa. Gari-nyumba likatoka getini na kigari nyuma yake. Nilivuta mapazia yote, nikalala sakafuni. Nilikuwa nasoma dua na sikuweza kuimaliza. Kila nikifika katikati narudi mwanzo. Kando yangu Fundi alikuwa amekunja magoti kifuani, meno yanagongana nayasikia. Kisha akaingiza mkono mfukoni mwa ovaroli, akautoa, akatazama kilichomo.

Ilikuwa pini.

Alikuwa ameshafunga mkono wa kushoto. Wa kulia aliuweka kwenye tundu lake, akataka kuingiza pini, zikaja zile kelele. Pini akaitia mfukoni akakimbia. Alitambaa mpaka kwenye kitanda cha nyuma, akafunua pazia kidogo. Nami nikachungulia. Mkono wa kulia ulikuwa unachezacheza. Ukichomoka, kigari kingelala ubavu na kufyeka kila kilicho kando ya njia. Na kando ya njia, huko chini tulikokuwa tunateremkia, kulikuwa na watu: wengine wametoka majumbani kutazama, wanawake wenye watoto mgongoni, na wengine wengi wenye fimbo na vyuma, wamejaa barabara.

"Simama, Sista," alisema Fundi.

"Una wazimu?"

"Simama!"

Gari lilisimama. Nilimshika ovaroli. Nilimwambia wewe, watakuua, Kizulu hujui, watakuuliza neno moja tu. Alinitazama na nikaona hanioni. Akafungua mlango, akashuka.

Nilibaki kwenye kioo cha nyuma, nimefunua pazia kiasi cha jicho moja. Fundi alipiga magoti kati ya magari mawili. Matundu yalikuwa yamepishana, pini haikuingia. Alisukuma kigari kwa bega, hakikusogea, minyororo imekaza. Ndipo mmoja wa wale watu akajitenga na wenzake, akaja. Alikuwa mtu mzima, si kijana, amevaa koti la kazi, na mkononi ana nondo.

"Wenzani, madala?" aliuliza. Unafanya nini, mzee.

Fundi hakujibu. Angejibu nini? Kila neno kinywani mwake lilikuwa na Lubumbashi ndani yake. Alinyoosha mkono, akaonyesha pini. Akaonyesha tundu. Kisha akaonyesha mteremko na watu waliokuwa huko chini.

"Uphumaphi?" Unatoka wapi.

Mbele nilimsikia Sista anashusha kioo, anaita kwa Kizulu kwamba ana mgonjwa humu ndani. Yule mtu hakugeuka. Alikuwa anamtazama Fundi, na Fundi amepiga magoti, jasho linamtiririka, na suruali ya ovaroli imelowa mpaka magotini. Alijua. Naapa yule mtu alijua kabisa anamtazama nani. Nilisubiri nondo ishuke. Sikuweza kufumba macho.

Akaiweka nondo chini. Akaegemeza kiuno chake kwenye kigari, akakanyaga lami, akasukuma. Matundu yakalingana na pini ikaingia. Fundi akaweka kifungio chake, akakivuta kuhakikisha, akakivuta tena, mbele ya watu wale wote, akakivuta mara ya tatu.

"Sharp," alisema yule mtu. Sawa. Akaokota nondo yake. "Hamba." Nenda.

Fundi hakuweza kusimama. Nilishuka, sikumbuki nilivyoshuka, nikamshika kwapani nikamburuta mpaka mlangoni, na mume wa Sista akanyoosha ule mkono wake wa kushoto akamvuta ndani. Tulipita katikati yao polepole sana. Walipiga ubavu wa gari kwa viganja, kama watu wanavyopiga gari la harusi, au la mazishi. Hakuna aliyeuliza tena.

Sista alitupeleka kwenye ua wa kanisa Kensington. Fundi alikaa kwenye kitanda cha nyuma hadi giza likaingia, hataki kubadilisha nguo, hataki chai. Nilikaa naye. Yule mtu aliyejifungia chooni na huyu aliyeshuka mteremkoni walikuwa mtu mmoja, na mimi nilishindwa kuwaweka pamoja. Nilimuuliza, "Ulipata wapi moyo ule?"

"Moyo gani?" alisema. "Ile mukono ingechomoka, Mama Rehema. Uliiona? Niliogopa."

Yadi waliichoma. Moto haukufika chumba cha mbele; cherehani niliipata, imepinduliwa tu. Magari ya wateja yalikuwa mifupa. Mimi nikahamia Yeoville, nikakodi kona ndani ya duka la mshonaji mmoja kutoka Bukavu. Fundi akaenda Berea, kwenye fleti ya mpwa wake, ghorofa za juu. Tulipigiana simu, kisha ikawa hapokei.

Nilikwenda kumwona kabla ya mwaka kwisha. Nilipanda ngazi hadi miguu ikaniuma. Aliniuliza jina langu kupitia mlangoni, halafu akaniuliza tena, halafu akaniuliza Rehema yuko wapi, ndipo akafungua makufuli. Alikuwa amekonda. Mpwa wake alikuwa kazini, mlinzi wa duka mjini. Godoro lilikuwa limesogezwa mbali na dirisha. Nilipouliza kidogo kidogo nikaelewa kwamba tangu alipofika pale hajashuka chini. Wanakwaya walimletea chakula, mwanzoni wengi, sasa mmojammoja.

Hatukuitaja ile siku. Nilimwambia nimepata habari za Sista: wamefika Durban, mume wake ameingiza miguu baharini, akalia, akakataa kutoka mpaka jua likazama.

Fundi alisogea mbele kwenye kiti. "Na ule mteremko wa kuenda Durban?"

"Wamepita salama."

"Breki ilishika?"

"Ilishika."

"Magurudumu ya kigari yalikuwa ya moto? Alishika na mukono?"

Sikuwa nimeuliza. Ikabidi tumpigie Sista, simu iwe wazi ili wote tusikie. Nyuma ya sauti yake kulikuwa na upepo. "Mwambie vuguvugu tu," alisema. "Vuguvugu kama chai ya mtoto. Mwambie niliegesha kila baada ya mteremko nikashuka kushika, kwa sababu yeye amenitia ugonjwa wake."

Fundi alicheka mpaka akakohoa. Kisha akatazama mlango.

"Nataka mukate," alisema.

Nikasema nitashuka kumnunulia.

"Hapana. Nataka kuenda kuununua."

Tulishuka zile ngazi kwa muda mrefu. Kila kituo alisimama, ameshika sehemu ya juu ya mkono wangu, anasikiliza. Watu walitupita wakipanda na ndoo za maji, wakatusalimia. Chini kabisa mlango wa jengo ulikuwa wazi, na jua la Desemba limemwagika mpaka kwenye sakafu. Alisimama pale ukingoni mwa mwanga. Nje watu walikuwa wanapita, wengi, wanaongea kila lugha ya mji ule. Aliuachia mkono wangu.

"Tangulia," alisema.

Nikatoka. Nilimpita mwanamke anayeuza nyanya, nikampita kinyozi aliyeweka kiti chake kando ya njia. Sikugeuka, maana niliogopa kwamba nikigeuka nitamwona bado amesimama mlangoni. Nilikwenda hivyo hadi kwenye roboti, kama wanavyoziita kule taa za barabarani. Taa ilikuwa nyekundu. Nikasubiri na wengine, na mtu akaja kusimama kando yangu, anahema kwa nguvu.

"Duka iko wapi?" akaniuliza.